Hodi ya Jumapili kwa Maman Pétronille

Kuna watu Mungu amewajalia wikendi za kulala. Élisée hakuwa mmoja wao. Mwanaume asiye na mke wala mtoto, kwa Wakongo wa Brussels, ni mali ya umma. Kila mtu anaamini kwamba ana nafasi. Jumamosi ile asubuhi alikuwa amewaogesha na kuwavalisha wazee kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, kule Laeken. Mchana alipita maduka ya Chaussée de Wavre kumnunulia mama yake sombe, yaani kisamvu, na samaki wakavu, akabeba na vitenge vya kwaya ya akina mama, kwa sababu walimwambia, "We hauna mambo mingi." Jioni alikuwa na mazoezi kanisani, maana yeye ndiye mpiga kinanda. Katikati ya hayo yote aliiba kisaa kimoja, akakipeleka kando ya mfereji wa Molenbeek, ndani ya gari la Ilyas.

Ilyas alikuwa dereva wa gari la kubeba wagonjwa wa viti vya magurudumu. Mzaliwa wa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, mwislamu wa kuswali, mrefu, mpole wa maneno. Walijuana majira ya baridi yaliyopita, siku Ilyas alipomleta bibi mmoja wa Kibelgiji, akapiga goti kumfunga kamba za viatu, akainua uso. Macho yao yakakutana. Wengine huhitaji barua na maua. Hawa wawili walimalizana pale pale, juu ya viatu vya bibi kizee. Kuanzia hapo ikawa chai ya chupa moja, vikombe viwili. Neno lenyewe lilikuwa limetamkwa mara moja tu, kwa sauti ya chini, gari likiwa limezimwa.

"Kesho unakuja," Élisée alisema. Mkono wake ulikuwa juu ya mkono wa Ilyas, chini ya usawa wa dirisha, mahali ambapo mpita njia haoni.

"Kwa mama yako."

"Kwa maman. Kukula tu. Sitaki kitu ingine, Ilyas. Nataka nikuone umekaa ku meza ya maman, anakuongezea sombe bila kukuuliza. Ile tu. Nikishaona ile, hata nikikosa yote, ça va."

"Na ataniita nani?"

"Rafiki ya Élisée."

Ilyas alitazama maji ya mfereji. Alikuwa na tabia ya kutabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, kana kwamba upande wa pili umekatazwa.

"Rafiki," alirudia. "Sawa. Basi nitakuja kama rafiki aliyelelewa. Kwetu Buyenzi mtu haingii nyumba ya mjane mikono mitupu."

"Usilete kitu."

"Wewe ndiye uliyenilea?"

Élisée akacheka. Alikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba furaha ya namna ile haikai, lakini nani humwambia mwenye kiu asinywe? Aliubana mkono wa Ilyas, akauachia, akashuka garini na mifuko yake ya sombe.

Mama yake alimpigia simu akiwa njiani kwenda kwenye mazoezi.

"Élisée, dada yako Darlène ananiambia kesho unaleta muntu."

"Ndiyo, njo vile, maman. Ni muntu wa maana sana kwangu. Nataka mumuone vizuri."

"Mwanamuke?"

"Mwanaume. Ni Ilyas, ule dereva. Alituletaka nyumbani siku ya mvua, mimi na Darlène."

Upande wa pili sufuria ikawekwa chini. Halafu Maman Pétronille akasema, "Ah bon." Akasema tena, "Bon." Na mara ya tatu, taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa kabati lenye vyombo vya thamani, "Bon. Nimesikia, mutoto wangu. Mungu akubariki."

Élisée akaona mama yake amekuwa mwepesi siku hizi, akamsimulia Ilyas kwa simu neno kwa neno. Akapiga kinanda jioni ile mpaka mwalimu wa kwaya akamwomba apunguze mbwembwe.

Jumapili, baada ya ibada, alipofika kwa mama yake alikuta nyumba inanukia vitunguu na mawese. Juu ya meza kulikuwa na kile kitambaa cheupe kinachotolewa siku za arusi na siku za msiba tu. Tonton Onésime, kaka wa mama yake, ambaye kila Jumapili baada ya kanisa hukimbilia kitanda chake, alikuwa ameketi sebuleni na tai shingoni.

"Tonton, na we uko hapa?"

"Ulitaka nani aongee? We?" tonton akajibu, akajitengeneza tai.

Hapo ndipo Élisée angepaswa kuuliza. Lakini mwenye mapenzi masikio yake huwa na pamba, na kengele ya chini ilikuwa tayari inalia.

Nyumba ile iko ghorofa ya tatu na haina lifti. Wageni walipotokea mlangoni, walikuwa wawili. Mbele alikuwa Ilyas, amevaa koti la bluu iliyokolea, amenyolewa, mzuri kiasi kwamba Élisée alilazimika kutazama ukuta. Nyuma yake alikuwa baba yake mdogo, mzee Mustafa, kanzu nyeupe na kofia, anahema. Na kila mmoja alikuwa amebeba kreti ya soda.

Mtu wa Kivu, kwao Élisée, akisoma hapa tayari ameshika kichwa. Kwa mtu mwingine nitaeleza. Nyumba yenye binti ambaye hajaolewa ikijiwa na mwanaume aliyependeza, ameongozana na mzee, na vinywaji juu yake, mwanaume huyo hakuja kusalimia. Amekuja kubisha mlango. Ndiyo hatua ya kwanza ya posa, kabla ya mahari, kabla ya neno lingine lolote. Vinywaji vikifunguliwa, mlango umefunguliwa. Vikirudishwa, umefungwa.

Ilyas hakulijua hilo. Kwao, mwanaume haingii peke yake mara ya kwanza kwenye nyumba ya mjane. Anakwenda na mkubwa wake ili watu wasiseme vibaya juu ya mama wa watu. Alifanya heshima, maskini, na heshima yenyewe ikamnasa.

Walikaribishwa, wakaketi, kreti zikawekwa katikati ya zulia. Tonton Onésime akasimama, akakohoa.

"Bon," alisema. "Sisi batu ya hii nyumba tulikuwa tumekaa yetu, tukasikia mulango inabishwa. Hatukatae mugeni. Mais, alors, muzee, tunauliza: nani anabisha? Na anatafuta nini?"

Ndipo Élisée alipoelewa. Alimtazama Ilyas. Ilyas alikuwa bado anatabasamu kwa adabu, hajaelewa, na wakati huo huo mlango wa chumba ukafunguka na Darlène akaingia na sinia la glasi.

Alikuwa amevaa kitenge cha mama yake, kile cha kijani, na hereni ndefu. Darlène alikuwa anakaribia miaka thelathini. Aliwahi kuwa na mchumba, kijana wa Liège, ambaye siku moja alihamia Kanada bila kuaga. Tangu hapo alikuwa hajajipamba. Aliweka sinia mezani, macho chini, akatoka.

Hapo Ilyas akaelewa. Ule upande wa mdomo wake uliokuwa ukitabasamu ukafa.

Lakini aliyejibu alikuwa Mustafa. Mzee huyu alikuwa amemlea Ilyas tangu walipokimbia Bujumbura, na kwa muda mrefu alikuwa akimwomba Mungu jambo moja. Alimtazama kijana wake, akatazama kreti, akamtazama binti aliyetoka, na uso wake wote ukafunguka.

"Alhamdulillahi," alisema. "Huyu mtoto amenificha. Ameniambia twende tukasalimie. Kumbe! Basi mimi nitasema yale ambayo yeye anayaonea haya. Jamaa zangu, tumebisha sisi. Katika nyumba yenu tumeona ua, na tunaomba ruhusa ya kulikaribia."

"Ooh!" Tonton Onésime akapiga mikono. "Hapo sasa! Muzee anajua kuongea!"

"Baba mdogo," Ilyas alianza.

"Nyamaza, mwanangu. Mwenye kuposa haongei."

Desturi inataka wenyeji watoke wakashauriane. Wakaingia jikoni, Élisée, mama yake, tonton, na Darlène ambaye alikuwa tayari huko, amesimama kando ya masufuria. Maman Pétronille akafunga mlango, akashika uso wa mwanawe kwa mikono miwili.

"Aksanti," alisema. "Aksanti, mutoto wangu. Nilikuwa nasema Élisée anajifikiria yeye tu, kinanda na kazi, kinanda na kazi. Kumbe we ulikuwa unatafutia dada yako bwana."

"Maman, muislamu ule," Élisée alisema. Ndilo neno la kwanza lililomjia. Alilirusha kama mtu anayerusha chochote kilicho karibu.

"Najua. Unafikiri sikulia? Jana usiku nililia, nikaomba, nikamaliza. Mungu ni mumoja. Ule kijana ana macho ya huruma. Mutoto wangu akipendwa, mimi ninataka nini tena? Hata kama batu ya kanisa banasema, baseme."

Élisée alimtazama mwanamke huyu ambaye maisha yake yote hakuwahi kukubali mtu akose ibada ya Jumatano. Moyo wake ulikuwa umepanuka kwa usiku mmoja, ukamkaribisha Ilyas na dini yake, na macho yake, na baba yake mdogo. Alikuwa amempenda yule yule mtu. Ila amempenda kwa ajili ya mwingine.

"Darlène," aliuliza, "na we unasema nini?"

Dada yake alikuwa anakoroga sombe ambayo haikuhitaji kukorogwa.

"Yaya, minaweza sema nini? Siku ya mvua alinifungulia mulango ya gari. Akangoja mpaka niingie ndani. Hakuna mwanaume alishanifanyia vile." Akainua uso, na alikuwa anang'aa. "Kama we umemuchagua, mimi nakubali. We haunaweza niletea muntu mubaya."

Niseme ukweli, kama kuna kisu kikali kuliko uaminifu wa mdogo anayekuita yaya, kaka mkubwa, mimi sijakiona.

"Tonton," Élisée alisema, "mbele ya kujibu, nataka kwanza niongee na ule muposaji. Peke yetu."

"Ni haki yako. Tangu baba yenu amekufa, neno ya mwisho ni yako. Mimi naongea tu. We njo unafungua chupa ya kwanza, ao unaiacha."

Balkoni ya Maman Pétronille inatosha watu wawili wembamba na kamba ya nguo. Chini, tramu ilikuwa inapita. Élisée alifunga mlango wa kioo nyuma yao, na kwa ndani mzee Mustafa akawapungia mkono kwa furaha.

"Wallahi sikujua," Ilyas alisema.

"Najua."

"Nilileta soda tu. Soda, Élisée!"

"Najua, chéri. Tuingie, tubaambie ni makosa."

"Makosa gani? Watauliza, basi ulikuja kwa nini? Kwa nini umevaa hivyo? Kwa nini Élisée alisema wewe ni mtu wa maana sana? Utajibu nini?"

Walikuwa wamesimama karibu kiasi kwamba Élisée aliisikia harufu ya sabuni shingoni mwa Ilyas, na hakuweza hata kumgusa kidole, maana kioo ni kioo.

"Nisikilize," Ilyas alisema, sauti ikashuka. "Usinikate. Labda hii ni njia. Labda Mungu ametufungulia njia kwa makosa. Nikimuoa Darlène, mimi ni shemeji yako. Nitakula kwa mama yako kila Jumapili. Nikilala kwako, hakuna wa kuuliza. Ukiugua, nitakaa kando ya kitanda chako. Na mimi nikifa, utakaa mbele, na familia. Leo nikifa utasimama wapi? Utasimama nyuma kabisa, na wafanyakazi wenzangu."

Msimhukumu haraka. Na huyu mwingine msimsifu haraka, kwa sababu Élisée alitamani. Kwa muda ule alioshika chuma cha balkoni aliona yote: Ilyas mezani, Ilyas kwenye picha za familia, Ilyas akiitwa mutoto wangu na mama yake. Aliitaka picha hiyo hadi meno yakamuuma.

"Na Darlène?" aliuliza.

"Nitamtunza. Sitampigia kelele hata siku moja. Hatakosa kitu."

"Utamuangalia vile unaniangaliaka mimi?"

Ilyas akageuza uso.

"Nijibu."

"Hapana," Ilyas alisema.

"Atajua, Ilyas. Dada yangu eko na akili. Atakaa mwaka moja, mbili, anajiuliza yeye iko na kosa gani. Atajiangalia mu kioo kila siku anatafuta ile kosa." Akaushika mlango wa kioo. "Basi we ingia, useme hautaki."

"Siwezi. Umemwona baba mdogo? Tangu mke wake azikwe sijamwona anacheka hivyo. Na binti wa watu ameshapita mbele yetu na glasi. Aliyebisha hawezi kusema nimekosea nyumba. Mwenye nyumba ndiye anayefunga." Ilyas alijifuta macho kwa kiganja, haraka, akajinyoosha koti. "Ukisema ndiyo, nitamuoa. Ukisema hapana, nitaondoka. Lakini ujue, nikiondoka leo sirudi tena. Baba mdogo hatakubali nimsalimie mtu wa nyumba hii, na mimi kwake ndiko ninakokaa. Yeye ndiye baba niliyebaki naye."

"Unanichagulisha."

"Hapana, mpenzi. Tumechaguliwa."

Walipoingia, Tonton Onésime alikuwa amesimama katikati ya sebule na kifungulio cha chupa mkononi, amekishika kama fimbo ya mfalme. Mama alikuwa ameketi na mikono mapajani. Mlango wa chumba cha Darlène ulikuwa umeachwa wazi kidogo.

"Papa ya nyumba amerudi," tonton alitangaza. "Élisée, fungua tunywe. Koo imekauka."

Élisée alipokea kifungulio. Aliinama, akakiweka mezani, juu ya kile kitambaa cheupe, akanyooka.

"Hii mulango haitafunguka," alisema.

Hakuna aliyeelewa. Tonton alicheka kidogo, akidhani ni utani wa desturi, maana wenyeji hujifanya wagumu ili wabembelezwe.

"Tonton, siko nacheka. Muzee Mustafa, munisamehe. Dada yangu hataolewa na muislamu. Si leo, si kesho, mimi nikiwa hai."

"Élisée!" Mama yake alisimama. "Nimekuambia mimi nilishakubali!"

"We umekubali, maman. Mimi, non. Baba alikuwa shemasi. Angekuwa hapa angesema ile ile."

"Usiongee kwa kinywa ya baba yako! Baba yako alikuwa muntu ya huruma!"

Mzee Mustafa hakupandisha sauti. Hilo lilikuwa baya zaidi. Alimtazama Élisée kama mtu anayejaribu kukumbuka alimwona wapi.

"Kijana," alisema, "siku ya Idi ulikula kwangu. Ulikaa mkekani kwangu. Ulisema pilau ni tamu, ukaongezwa."

"Ni kweli, muzee."

"Siku ile dini yetu haikukukwama kooni."

"Chakula ni chakula, muzee," Élisée alisema, na kila neno lilimtoka kama kokoto. "Dada ni dada."

Aliyasema huku akimtazama mzee, kwa sababu hakuthubutu kutazama penye koti la bluu. Alijua kwamba akimtazama Ilyas mara moja tu, angesema ukweli wote pale pale, mbele ya mama na kreti na tai ya tonton.

"Baba mdogo," Ilyas alisema, "inuka twende. Tumesikia."

Kinywaji kilichokataliwa hakilali nyumbani. Ilyas alibeba kreti yake. Élisée akawahi ya mzee, akatoka nayo ngazini, akitaka angalau kumpunguzia zile ghorofa. Lakini kwenye mzunguko wa kwanza wa ngazi Mustafa alimfikia, akaishika ile kreti, akaivuta.

"Niachie," alisema.

"Muzee, iko muzito."

"Nimesema niachie."

Akaibeba mwenyewe, mzee wa watu, anahema, kanzu inakanyagwa. Ilyas alikuwa nyuma yake. Alipofika usawa wa Élisée alisimama kidogo.

"Ilyas," Élisée alinong'ona.

"Tumepata jibu lako, bwana," Ilyas alisema kwa sauti ya kusikika, akashuka.

Bwana! Mwanaume aliyemwita mpenzi kwenye balkoni dakika chache zilizopita. Élisée alisimama ngazini akisikiliza chupa zikigongana, ghorofa ya pili, ghorofa ya kwanza, mpaka mlango wa chini ukajifunga. Hakulia. Kulia kungekuwa nafuu, na siku ile nafuu haikuwepo.

Aliporudi, mama yake alikuwa jikoni, anapakua chakula kwa hasira, vijiko vinapiga kelele. Tonton alikuwa amelegeza tai. Élisée akaenda chumbani kwa Darlène, akabisha, akaingia.

Alikuwa ameketi kitandani, anavua hereni. Uso ulikuwa umelowa lakini sauti ilikuwa kavu.

"Nilikuwa nafikiri unanipenda," alisema.

"Ninakupenda."

"Basi niambie kitu moja, yaya. Miezi yote hii unapanda gari yake, unacheka naye ku simu mpaka maman anauliza nani anakuchekesha. Umekula Idi kwao. Dini yake ulikuwa hauione? Donc ulikuwa unamupendea nini?"

Angeweza kusema jambo lolote. Uongo mmoja ulikuwa umeshasemwa siku hiyo, wa pili usingekuwa mzito. Lakini alimwona Darlène akiokota hereni iliyoanguka, akitazama kwenye kioo cha kabati, anajiangalia usoni, anatafuta. Ile kosa. Alikuwa ameshaanza kuitafuta.

"Hauna kosa," Élisée alisema. "Darlène, geuka. Si juu yako. Nilikuwa namupenda. Njo jibu. Nilikuwa namupenda vile muntu anapenda muntu, na yeye ananipenda. Alikuja kukula tu. Mimi njo nilimuita. Makreti, muzee, yote ile, hakujua desturi yetu."

Darlène hakupiga kelele. Alimtazama kaka yake, na Élisée akaona maneno yanafika, moja moja, na kila lilipofika likavunja kitu. Alimwona akiikumbuka miaka yote, wasichana wote Élisée aliowakataa, kinanda na kazi, kinanda na kazi. Alisubiri atukanwe. Alikuwa amejiandaa kwa matusi.

"Angekubali kunioa?" aliuliza.

"Ndiyo. Kwa kukaa karibu na mimi."

"Na we ulikataa."

"Nilikataa."

Kutoka jikoni sufuria ilipigwa kifuniko.

"Maman anajua?"

"Hapana."

"Usimuambie." Darlène alimshika mkono, akaubana kwa nguvu hadi kucha zikaingia. "Hii ya dini, ataibeba. Atakukasirikia, atafunga, ataomba, itapita. Ile ingine haitapita. Leo alifungua moyo yake yote, umeona? Yote. Hata vile, ile haitaenea mule, haitatosha. Usimuambie, yaya. Nakuomba."

"Na we? Utaibeba?"

"Sijui. Usiniulize leo." Aliachia mkono wake, akajifuta uso kwa pembe ya kitenge cha mama yake. "Mi nilimupenda siku moja tu, na inauma hivi. We ulimupenda miezi yote hii, sijui unasimama namna gani."

"Batoto!" Maman Pétronille aliita. "Chakula inapoa! Ama na yenyewe ni ya dini ingine?"

Wakatoka. Tonton Onésime aliomba sala fupi, kwa sababu njaa ilikuwa imemshika. Sahani mbili za wageni zilikuwa bado mezani, safi, na hakuna aliyezitoa. Mama alichagua kipande kikubwa cha samaki, akakiweka mbele ya binti yake, akampapasa mgongo.

"Usilie. Mungu atakuletea mwingine, muzuri kupita ule." Kisha akamgeukia Élisée, hasira bado iko machoni, lakini mkono wake ukamwongezea sombe bila kumuuliza. "Na we, akuletee wako. Ukipenda muntu siku moja, labda utaacha kufungia benzako mulango."

Darlène aliinamisha kichwa juu ya sahani.

"Amina, maman," alisema.

Mama akabaki anamtazama Élisée, anangoja na yake.

"Amina," Élisée alisema, akaanza kula.